Miezi Mitatu ya Pweza

"Miezi mitatu tu? Pweza atakuwa amekua kiasi gani?"

Aliyeniuliza ni muuza supu mmoja wa Dar es Salaam, kisu mkononi, sufuria linafuka mbele yake. Nilikuwa nimemsimulia kwamba kwetu Pemba kuna vijiji vinavyofunga mwamba: hakuna kuchokoa, hakuna kuzamia, mpaka siku iliyopangwa ifike watu waingie kwa pamoja. Yeye aliona ni kupoteza wakati. Alinitajia ng'ombe, akanitajia changu, kwamba hakuna kati yao anayenenepa cha kuonekana kwa miezi mitatu. Nimelisikia swali hilo kwa watu wengi, wakiwemo watu wazima wa pwani waliokula pweza maisha yao yote, na kila nikilisikia linaniuma, kwa sababu jibu lake ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mnyama huyu, na hatufundishwi.

Pweza ninayemzungumzia ni yule wa mwambani, wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea. Yupo kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hii mpaka visiwa vya Hawaii. Habari za mioyo mitatu na damu ya buluu kila mtu keshazisikia, sitazirudia. Ila tukumbuke kwamba kwa ukoo ni ndugu wa chaza na kombe. Wahenga wake walikuwa na gamba, yeye hana, na kwa kuwa hana, maisha yake yote hutegemea shimo. Shimo likiwa zuri analinda mwili wake laini. Likiwa baya, mkunga au papa anamla.

Shimo hilo ndilo linalomfichua. Utotoni nilikuwa nikifuatana na mama mkubwa mwambani siku za bamvua, maji yakipwa mpaka mbali na mawe yakibaki wazi. Macho yake hayakuwa yakimtafuta pweza mwenyewe, maana pweza akitulia huwezi kumtofautisha na jiwe. Alikuwa akitafuta maganda. Pweza hula kaa na kombe ndani kwake, akimaliza anasukuma maganda nje, kwa hiyo mlangoni pake kunakuwa na kijilundo cha maganda meupe, safi, ambayo hayajaota ukungu. Mama mkubwa akiona kijilundo hicho anainama, anaingiza mchokoo taratibu na kuutikisa kidogo. Pweza hukasirika, akaukumbatia mti kwa minyiri yake. Hapo havutwi kwa nguvu; anaachwa ashike vizuri, kisha anatolewa polepole, na kabla hajamwaga wino wote kichwa chake kimeshageuzwa ndani nje kama mfuko. Kazi hiyo yote haikuwa ikichukua muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

Siku moja alifika kwenye shimo ambalo mlango wake ulikuwa umezibwa kwa mawe madogo, yamepangwa kwa ndani. Aliondoa jiwe moja, akachungulia, akalirudisha.

"Huyu anaatamia, mwanangu. Mwache. Nyama yake imeshakuwa maji."

Nilidhani ni huruma tu ya mtu mzima. Nilikuja kusoma baadaye nikaona alikuwa amesema elimu nzima kwa maneno machache.

Pweza jike huzaa mara moja tu katika uhai wake. Akishapandwa na kuiva, huingia shimoni, huziba mlango, hutundika mayai yake darini mwa shimo kama vishada vya punje nyeupe, mayai laki kadhaa. Kisha anakaa. Kwa muda wa takriban mwezi mmoja hayaachi: anayapulizia maji yapate hewa, anayapapasa kwa ncha za minyiri yasiote uchafu. Na hali. Kaa anaweza kupita mbele ya mlango wake asimguse. Misuli yake inaliwa na mwili wake mwenyewe, ngozi inapauka, macho yanaingia ndani. Mayai yanapoanguliwa, anapuliza mara ya mwisho kuwatoa watoto nje, na siku chache baadaye anakufa. Dume naye hadumu sana baada ya kupanda.

Kwa miaka mingi watu walidhani mama huyu anakufa kwa njaa na uchovu. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Jerome Wodinsky, alichapisha katika jarida la Science jaribio alilolifanya kwa pweza wengine, wa Karibi. Katikati ya macho ya pweza, karibu na mishipa inayotoka kwenye ubongo, kuna tezi mbili ndogo. Wodinsky alizitoa kwa majike waliokuwa tayari wameshataga na wanaatamia. Waliamka. Waliyaacha mayai, wakaanza kula tena, wakanenepa, wakaishi miezi zaidi ya wenzao ambao hawakupasuliwa. Kumbe njaa ile ni amri. Tezi ndogo kuliko punje ya mchele humwamuru mnyama mzima mwenye nguvu aache kula na afe. Mwaka 2022 watafiti wengine wa Marekani walionyesha kwamba baada ya kupandwa tezi hizo hubadili namna zinavyotengeneza kolesteroli na viini vinavyoandamana nayo, na kimojawapo ni kile ambacho kikizidi katika mwili wa binadamu huleta maradhi mazito. Kila nikifikiri jambo hili naliona jipya: kifo cha pweza kimewekwa ndani yake tangu mwanzo, kinasubiri saa tu.

Sasa rudi kwa muuza supu wangu. Mnyama ambaye saa yake imepangwa hivyo hana muda wa kukua kwa starehe. Pweza wa mwambani huishi mwaka mmoja na kidogo tu juu yake. Akianguliwa anakuwa mdogo kuliko punje ya mchele, anaelea na maji kwa wiki kadhaa, halafu anashuka mwambani na kuanza kula. Karibu nusu ya anachokula hugeuka kuwa mwili wake; ng'ombe hafiki hata karibu ya hapo. Pweza wa nusu kilo ukimwacha leo, baada ya miezi miwili au mitatu ya kushiba huweza kufika kilo mbili na kupita. Changu huhitaji miaka. Ndiyo maana miezi mitatu, ambayo kwa samaki wengine ni kama kupepesa jicho, kwa pweza ni sehemu kubwa ya ujana wake.

Na upande wa pili ni huo huo. Ukifunga mwamba mwaka mzima kwa tamaa ya kupata pweza wakubwa zaidi, hutawakuta. Watakuwa wamezaa na kufa mashimoni, nyama imeliwa na kaa. Madagascar walijifunza hili mapema. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa kisiwa, kilifunga mwamba wa Nosy Fasy kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2004, wakakaa miezi saba. Vijiji vilivyofuata vilipunguza muda hadi miezi miwili au mitatu. Baadaye ufungaji 36 wa miaka 2004 hadi 2011 ulichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kila mvuvi kwa siku alipata zaidi kwa asilimia 80 na ushei. La kutia moyo zaidi ni kwamba wakati wa kufunga mapato ya vijiji hayakuanguka, kwa sababu kilichofungwa ni kipande tu, na kipande kingine watu waliendelea kukivua.

Kutoka huko jambo likasambaa. Kisiwani Rodrigues walianza mwaka 2012, Mauritius ikafuata. Kwetu, Kisiwa Panza kusini mwa Pemba walifunga kwa miezi mitatu wakisaidiwa na mtandao wa Mwambao, vijiji vingine vya Pemba na Unguja vikaiga. Songosongo upande wa Kilwa, na Pate upande wa Kenya, nao wamefunga na kufungua.

Hapa nina la kusema juu ya sheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri kuliko kutokuwa na kanuni, lakini haitoshi. Uchunguzi wa Madagascar umeonyesha kwamba nusu ya majike hawajaiva mpaka wapite kilo mbili. Maana yake jike wa nusu kilo ambaye mizani inampitisha bado ni msichana mdogo, hajawahi kutaga hata yai moja. Tukivua wote wanaopita kwenye mizani, tunavua mabinti na kusubiri wajukuu. Kufunga mwamba kunafanya kile ambacho mizani haiwezi: kunampa msichana yule nafasi ya kufika utu uzima, na yule aliyekwisha kuziba mlango wake kunampa ule mwezi mmoja anaouhitaji.

Lakini kufunga ni nusu ya kazi. Nimeshuhudia siku ya kufungua, na sikupenda yote niliyoyaona. Bamvua limepwa, mamia ya watu wamejipanga ufukweni, tarumbeta linalia, wanaingia. Furaha ipo, watoto wanashangilia, mitungo ya pweza inabebwa mabegani. Saa mbili baadaye ukitembea nyuma yao unakuta matumbawe yamevunjika chini ya nyayo, na mashimo yamebomolewa kwa nondo. Mchokoo wa mti hauvunji kitu. Nondo ya chuma inapasua mlango, na shimo likipasuka pweza mwingine halirudii. Mwamba haujengi shimo jipya kwa miezi mitatu. Katika uhai wetu pengine haujengi kabisa. Naona ni aibu kijiji kivumilie siku tisini kulinda pweza halafu kibomoe nyumba zao asubuhi moja. Kamati zinazopiga marufuku nondo siku ya kufungua, na zinazogawa siku za kuingia badala ya kumwachia kila mtu siku moja, ziko sawa, na zingine ziige.

Jingine ni la wanawake. Wanaovua pweza kwa miguu, maji yakipwa, wengi ni wanawake, na wanachofikia ni mwamba wa karibu tu. Wanaume wana ngalawa na miwani ya kuzamia. Ukifungwa mwamba mmoja wanakwenda mwingine. Kijiji kinapochagua kipande cha kufunga, mara nyingi kinachaguliwa kile kilicho karibu kwa sababu ni rahisi kukilinda. Mama mkubwa wangu angekuwa hai leo, kufungwa kwa namna hiyo kungemwacha bila kitoweo kwa miezi mitatu, na siku ya kufungua angesukumwa pembeni na vijana. Kikao cha kuchagua mwamba kisichokuwa na wanawake hakijakamilika, hata kiwe na mihuri mingapi.

Na wezi wa usiku wapo. Taa moja ya kichwani na nondo moja hutosha kumaliza kazi ya kijiji kizima kwa bamvua mbili. Doria hugharimu mafuta, na mafuta hugharimu fedha ambazo halmashauri nyingi hazizitoi, ingawa ushuru wa pweza zinaupokea. Hilo nalitamka waziwazi kwa sababu pweza huyu anasafirishwa kwa makontena ya barafu kwenda Italia, Hispania na Ureno, na fedha yake inaonekana.



Kwa wewe unayenunua, lipo moja unaloweza kulifanya kesho asubuhi. Mnyanyue pweza kabla hujalipa. Akiwa mwepesi kuliko mfuko wa nusu kilo wa sukari, mrudishe mezani na umwambie muuzaji kwa nini humchukui.