Korona Ilipovunja Baraza la Wapiga Fidla

Wapo wataalamu, na baadhi yao ni wenzangu katika taaluma ya isimu, wanaoamini kwamba mapokeo ya mdomo yakisha kurekodiwa na kuwekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyafikia, basi yameokoka. Imani hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa na masomo yakahamia kwenye vioo vya kompyuta na simu. Mimi siikubali, na sababu zangu sikuzipata kitabuni. Nilizipata Galway, mji wa pwani ya magharibi ya Ayalandi, ambako janga la Korona lilinikuta nikiwa mtafiti mgeni na, jioni, mwanafunzi wa filimbi ya bati.

Yafaa nimweleze msomaji jinsi muziki wa jadi wa Waayalandi unavyopigwa. Haupigwi jukwaani, walau si kwa asili yake. Wapigaji hukaa duara katika pembe ya baa au jikoni mwa mtu: fidla mbili tatu, filimbi, konsatina, kodiani (ala ile ile ya mwomboko wetu), ngoma ya ngozi ya mbuzi, na pengine zumari la mfuko ambalo upepo wake hupulizwa kwa kiwiko badala ya mdomo. Hakuna kiongozi wala karatasi ya noti. Mmoja huanza lahani. Wanaoijua huingia, asiyeijua husikiliza. Lahani yenyewe ni fupi, aghalabu ya sehemu mbili, kila sehemu ikirudiwa, na yote huzungushwa mara tatu kabla ya kuunganishwa na nyingine bila kituo. Baina ya lahani huja mazungumzo: hii tuliipata kwa nani, fulani wa kijiji kile aliipiga vipi. Kikao hicho wao hukiita seisiún. Mimi nilikiita baraza, na sijapata neno la Kiswahili linalokitosha zaidi.

Baraza hilo lilivunjwa kwa siku chache. Machi 12, 2020, serikali ya Ayalandi ilifunga shule na vyuo. Machi 15 baa zikatakiwa kufunga milango, siku mbili tu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Machi 27 ikaamriwa kwamba hakuna ruhusa ya kwenda matembezi zaidi ya kilomita 2 kutoka nyumbani. Siku iyo hiyo kafyu ilianza hapa Kenya, na ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimekwisha kusimamishwa siku mbili nyuma. Galway, uliokuwa umeteuliwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya kwa mwaka huo, ukabaki na sauti ya upepo na ndege wa baharini. Shule ya kiangazi ya Willie Clancy, inayofanyika Miltown Malbay tangu 1973, ikafutwa. Fleadh Cheoil, tamasha kuu la muziki huo, lililokuwa lifanyike Mullingar, halikurejea katika umbo lake kamili hadi Agosti 2022.

Aprili mjomba wangu alifariki. Alizikwa mbele ya watu wasiozidi 15, kama sheria ya wakati huo ilivyotaka, nami nikafuata mazishi kwenye simu iliyokuwa ikikatika kila dakika mbili. Mama mwenye nyumba niliyopanga alisimama bustanini, mbali kama ilivyopasa, akanisimulia habari ya bibi yake. Zamani, kijana alipokuwa anaondoka kwenda Marekani, jamaa na majirani walikesha naye usiku kucha kwa muziki, ngoma na vilio, na mkesha huo uliitwa kwa jina lile lile la mkesha wa maiti, kwa kuwa aliyevuka bahari hawakutarajia kumwona tena. Watu hawa wamezoea kuzikana kwa mbali. Njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1852 iliua yapata watu milioni moja na kuwatawanya wengine milioni moja ng'ambo.

Basi wapigaji walijaribu kuhamishia baraza kwenye Zoom. Wakashindwa, na sababu ya kushindwa kwao ndiyo inayonishughulisha. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Watu wawili waliokaa mita 3 mmoja kutoka kwa mwenzake husikiana baada ya milisekunde 9 hivi. Masikio huvumilia hayo. Ucheleweshaji ukipita milisekunde 25 au 30, kila mmoja huanza kumngoja mwenziwe, na mwendo huzorota. Sauti inayopita katika kompyuta mbili na mtandao aghalabu hupita milisekunde 100. Sasa tufanye hesabu. Lahani za aina ya rili hupigwa kwa mwendo wa mapigo kama 110 kwa dakika, kila pigo likiwa na noti nne. Noti moja basi huchukua takriban milisekunde 136. Maana yake ni kwamba mwenzangu aliyekuwa mtaa wa tatu alinifikia akiwa nyuma noti nzima. Haikuwezekana kupiga pamoja hata kidogo.

Dawa iliyopatikana ilikuwa mmoja kupiga na wengine kuzima vipaza sauti vyao. Kila mmoja alipiga pamoja na yule anayesikika, lakini yule anayesikika hakumsikia yeyote. Watu kumi na wawili kwenye kioo, vidole vyote vikitembea, na mpigaji aliyekuwa zamu akipigia ukimya.

Hapa mwanaisimu ndani yangu aliamka. Uchunguzi wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, katika mazungumzo, kimya baina ya msemaji mmoja kunyamaza na mwingine kujibu ni cha wastani wa milisekunde 200 tu. Ni kifupi mno kiasi kwamba msikilizaji hana budi kuanza kutunga jibu kabla mwenzake hajamaliza. Simu ikichelewa kidogo tunagongana maneno, tunasema "samahani, endelea", lakini mazungumzo hayafi. Muziki wa baraza hauna nafasi ya samahani. Unadai ushirika wa papo hapo kuliko mazungumzo yenyewe, na kilichorekodiwa ni upande mmoja wa ushirika huo.

Nisiseme kwamba mtandao haukuleta kheri. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo, lakini historia ya muziki huu inaikanusha methali hiyo. Francis O'Neill, aliyezaliwa kaunti ya Cork mwaka 1848, akawa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, na huko ugenini ndiko alikokusanya lahani kutoka kwa wahamiaji wenzake, baadhi yao wakiwa askari wake. Yeye hakuwa mwandishi wa noti. Aliyeandika ni James O'Neill, sajini. Kitabu chao cha 1903 kina lahani 1,850. Ukusanyaji mkubwa kabisa wa muziki wa Ayalandi wa wakati huo ulifanywa na watu wasiokuwapo. Kadhalika mwaka 2020, walimu walipoanza kufundisha kwa mtandao, waliojiunga wengi walikuwa watu wa mbali ambao zamani wangelazimika kununua tiketi ya ndege. Mimi mwenyewe, niliporejea nyumbani mwisho wa mwaka huo, niliendelea na mwalimu wangu kwa njia hiyo hiyo.

Lakini chombo cha kuhifadhi kina mkono wake pia. Mpiga fidla Michael Coleman wa Sligo alihamia Marekani mwaka 1914, akarekodi sahani New York katika miaka ya 1920, na sahani hizo zikavuka bahari kurudi vijijini. Vijana wa kaunti nyingine wakamwiga yeye wakaacha mitindo ya babu zao. Mitindo ya kimahali, ambayo ni lahaja hasa, ikaanza kuona haya mbele ya sahani. Sisi tunalijua jambo hili. Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita hakikupigwa marufuku. Kilianza tu kusikika shuleni kama kosa. Mwalimu anayesahihisha insha ya mtoto wa Mji wa Kale bado ni sehemu ya hadithi hiyo.

Baa za nje ya Dublin zisizouza chakula zilifunguliwa Septemba 21, 2020, zikafungwa tena mwezi mmoja baadaye, na masharti mengi hayakuondolewa hadi Januari 22, 2022. Mwalimu wangu alinieleza yaliyomkuta mabaraza yaliporejea. Vijana walioanza kujifunza wakati wa kufungiwa walikuja na lahani nyingi kuliko wanafunzi wake wa awali, vidole vyepesi, kila noti mahali pake. Tatizo lilikuwa kwamba hawakuwahi kupiga na mtu anayewasikia. Walianza lahani kwa kasi waliyoizoea chumbani na hawakuipunguza hata mzee wa fidla alipokuwa akibaki nyuma. Lahani ilipokwisha walinyamaza, macho chini, wakisubiri kuambiwa nani anafuata. Akawa anawaweka wawiliwawili, magoti yakikaribiana, na kuwakataza kuanza mpaka mmoja amwone mwenziwe akivuta pumzi.