Paka Aliyefungwa na Heshima

Katika The Cat Concerto, katuni ya Hanna na Barbera ya 1947, Tom na Jerry hawasemi neno. Wengi husema ndiyo sababu huchekesha popote: kicheko hakihitaji lugha. Mimi naona kinahitaji desturi.

Tom anapiga piano, muziki wa Liszt, mbele ya watu. Jerry, aliyekuwa amelala ndani ya piano, anamsumbua. Tom hulipiza kwa siri, lakini hathubutu kuacha kupiga. Baraka na Fizi tunaijua hali hiyo: msemaji wa ukoo akiumwa na siafu kwenye kikao cha mahari, haruki. Mwishoni Tom anaanguka, Jerry anapokea makofi.

Kwa hiyo tunapochambua ucheshi, tuulize kwanza mhusika anakwepa aibu gani.