Mpira wa Rejeta na Usalama wa Injini

Gari dogo lisimamapo njiani huku mvuke ukifuka chini ya boneti, mara nyingi lawama huiangukia injini. Hata hivyo, chanzo huweza kuwa kipande cha mpira ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara iletwayo na kupasuka kwake. Maji yakimwagika yote na dereva akaendelea na safari, kichwa cha silinda huweza kupinda na gasketi yake kuungua kwa muda mfupi.

Kazi ya mipira

Injini ya petroli haigeuzi nishati yote ya mafuta kuwa mwendo. Takriban theluthi moja huingia katika maji yanayozunguka silinda, na joto hilo sharti liondolewe. Maji ya moto hupita katika mpira wa juu hadi kwenye rejeta, hupozwa na upepo, kisha huvutwa na pampu kupitia mpira wa chini na kurudi katika injini. Injini hutikisika ifanyapo kazi, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi. Bomba gumu lisingedumu baina yao. Mpira hupinda na kustahimili.

Mfuniko wa rejeta huzuia mvuke, na hivyo kanieneo ya ndani huongezeka. Katika magari mengi ongezeko hilo ni kilopaskali 90 hivi, yaani kila sentimita mraba ya mpira husukumwa kwa nguvu ya nyutoni 9. Kwa sababu hiyo, penye usawa wa bahari maji huchemka katika nyuzi zipatazo 118 za Sentigredi badala ya 100. Manufaa haya huonekana zaidi katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi na Mbeya, ambako maji katika sufuria iliyo wazi huchemka katika nyuzi 95 hivi. Mpira ukipasuka, kanieneo hushuka ghafla na maji yaliyo moto kupita kiasi huchemka papo hapo.

Uharibifu usioonekana

Mipira mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa aina ya mpira wa viwandani iitwayo EPDM, iliyoimarishwa kwa nyuzi katikati. Aina hiyo hustahimili joto na maji, lakini oili ikiudondokea mpira huo, huvimba na kulainika. Joto la miaka mingi nalo huufanya mgumu.

Kuna adui mwingine aliyejificha. Mpira mweusi una masizi ya kaboni, ambayo hupitisha umeme kidogo. Metali za injini, maji yenye kemikali na mpira wenyewe huweza kufanya seli ndogo ya umeme, mfano wa betri. Polepole nyufa ndogo hufanyika upande wa ndani, hasa karibu na ncha zake. Hivyo mpira huweza kung'aa kwa nje hali umekwisha kuoza ndani.

Ukaguzi

Injini ikiwa baridi kabisa, mpira huminywa kwa vidole katikati na karibu na kila ncha. Ncha ikiwa laini kuliko katikati, au mpira ukiwa mgumu kama ubao, umevimba, una nyufa au una alama za maji yaliyokauka penye vibanio, yafaa ubadilishwe. Mipira midogo isisahauliwe. Gari la Mini, lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1959, lilikuwa na kipande kifupi cha mpira baina ya pampu na kichwa cha silinda, mahali ambapo mkono hupenya kwa shida.

Kubadilisha

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi kamwe injini ikiwa ya moto, kwa maana maji huweza kuruka na kumbabua mtu. Injini ikisha poa, maji hukingwa katika beseni. Maji yenye glaikoli ni sumu, nayo yana ladha tamu. Yawekwe mbali na watoto na wanyama.

Vibanio hulegezwa kwa bisibisi, kisha mpira huzungushwa mpaka uachie. Ukigoma, hupasuliwa kwa kisu kwa urefu wake, bila kuukwangua mdomo wa rejeta, kwani mdomo huo ni mwembamba na huvunjika upesi. Mdomo ukisha safishwa, mpira mpya wenye umbo na kipenyo kilekile huvishwa vibanio, hulowanishwa kwa maji wala si kwa oili, na kusukumwa mpaka uvuke ukingo. Kibanio hukazwa nyuma ya ukingo huo, pasipo kuukata mpira.

Baada ya kujaza maji, injini huwashwa mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, ili hewa itoke, na maji huongezwa yakipungua. Kisha mfuniko hufungwa na viungo hukaguliwa. Dereva akumbuke kwamba maji yakiisha kabisa, geji ya joto huweza kudanganya, kwa kuwa kipimo chake hakimo tena majini.

Darasani, mwalimu aweza kuupasua mpira mkuukuu ili wanafunzi watazame ndani yake, kisha kuweka kipande kimoja katika maji na kingine katika oili ya injini kwa juma moja. Wanafunzi wakipima unene wa vipande hivyo kabla na baada, watajionea jinsi oili inavyoudhuru mpira.