Mwaka wa korona katika shule za sheria za Marekani

Masomo ya sheria nchini Marekani huchukua miaka 3, na mwanafunzi huyaanza akiwa tayari na shahada ya kwanza. Mwaka wa mwanzo ndio mgumu kuliko yote. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi wapya hugawanywa katika makundi 7 ya watu wapatao 80, na kila kundi husoma pamoja karibu masomo yote. Mwalimu hamwagi maelezo; humwita mwanafunzi kwa jina na kumhoji kuhusu kesi aliyotakiwa kuisoma, mtindo ulioasisiwa hapohapo na Christopher Columbus Langdell, aliyekuwa amidi kuanzia 1870 hadi 1895. Alama za muhula mzima mara nyingi hutokana na mtihani mmoja, tena hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi, hivyo alama ya juu ya mmoja hupunguza nafasi ya mwenzake. Kinachozuia ushindani huo usigeuke uadui ni vikundi vya kujisomea, foleni ya kahawa na zile dakika chache za kumvizia mwalimu mlangoni kipindi kinapokwisha.

Machi 2020 hayo yote yalikatika ndani ya siku chache. Tarehe 6 Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kilitangaza kuhamishia vipindi mtandaoni. Tarehe 10 Harvard ikawataka wanafunzi wasirudi baada ya likizo fupi. Masomo yangeendelea kwa Zoom kuanzia tarehe 23. Hata kanuni za ithibati zililegezwa. Chama cha Wanasheria wa Marekani, ambacho baraza lake husimamia shule takriban 200, hakikuwa kikiruhusu zaidi ya theluthi moja ya masomo kutolewa kwa mbali.

Hatua za awali za kuwaliwaza wanafunzi zilikuwa za kuonekana: barua za amidi, saa za ofisi mtandaoni, chemsha bongo za Ijumaa jioni. Nia ilikuwa njema, lakini zilichosha upesi. Aliyeshinda mbele ya kompyuta akifuatilia sheria ya mikataba hana hamu ya kurudi hapohapo jioni ili acheke na watu.

Uamuzi uliowatuliza wengi kuliko mikutano hiyo ulihusu alama. Harvard, Yale, Stanford na Columbia, pamoja na shule nyingine nyingi, ziliamua kwamba muhula ule usiwe na madaraja ya alama: mtu afaulu au asifaulu, basi. Sababu ilikuwa wazi. Mmoja alikuwa na chumba chake na intaneti ya kasi. Mwingine alisomea meza ya jikoni, wadogo zake wakigombea kompyuta hiyohiyo, au alikuwa akiuguza mzazi. Kuwapanga hao wawili kwenye mstari mmoja kungekuwa dhuluma. Walionung'unika walikuwapo, hasa waliotarajia muhula huo uwanyanyulie alama zilizoporomoka, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, ushindani ulipoondolewa, watu waligawana madondoo bila kuoneana wivu.

Kwa wanafunzi wa kigeni tatizo la kwanza lilikuwa saa. Kipindi cha saa 9 alasiri Boston wakati wa kiangazi humkuta aliyerudi Nairobi saa 4 usiku, na bado anatakiwa awe tayari kuhojiwa. Vipindi vilivyorekodiwa viliwafaa sana. Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi: tarehe 6 Julai idara ya uhamiaji ya Marekani ilitangaza kuwa mwenye viza ya masomo ambaye vipindi vyake vyote vimo mtandaoni hawezi kubaki nchini. Harvard na chuo cha MIT vilikwenda mahakamani siku 2 baadaye, na tarehe 14 serikali ikaiondoa amri hiyo. Pengine hakuna barua ya kufariji iliyowasaidia wanafunzi hao kama ile kesi.

Afya ya akili ilikuwa jeraha la zamani. Uchunguzi wa mwaka 2014 katika shule 15 za sheria ulikuta dalili za mfadhaiko kwa asilimia 17 ya waliohojiwa. Wengi hawakwenda kutafuta msaada kwa kuogopa kwamba kamati zinazopima tabia ya waombaji wa uwakili zingewauliza habari zao za matibabu. Ushauri nasaha kwa simu au video ulipunguza angalau aibu ya kuonekana mlangoni. Hofu ya kamati haikuondoka.

Waliokuwa wakimaliza ndio walioning'inizwa muda mrefu zaidi. Mtihani wa uwakili hufanyika mwishoni mwa Julai, na katika majimbo mengi, bila kuufaulu shahada haimruhusu mtu kusimama mahakamani. New York iliusogeza hadi Septemba, kisha ikaufuta, na hatimaye ikauendesha mtandaoni tarehe 5 na 6 Oktoba. California iliuendesha siku hizohizo. Mtahiniwa alikaa peke yake huku kamera ikimchunga, na baadhi ya watahiniwa weusi walilalamika kuwa programu ilishindwa kuzitambua sura zao hadi wajiwashie taa usoni. Utah, Washington, Oregon na Louisiana zilichukua njia nyingine: ziliruhusu wahitimu waliotimiza masharti waapishwe bila mtihani, jambo ambalo Wisconsin imelifanya kwa wahitimu wa shule zake tangu 1870.

Mengine yalidumu baada ya maradhi kupungua. Mwaka 2023 mpaka wa masomo ya mbali ulipandishwa kutoka theluthi hadi nusu, na mwaka huohuo Oregon ikaidhinisha njia ya kupata uwakili kwa kufanya kazi chini ya wakili msimamizi badala ya kuketi kwenye mtihani.