Kiongozi wa Watazama Ndege

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Upande wa magharibi nchi huteremka mpaka Ziwa la Tanganyika, na upande wa mashariki hushuka kwa ghafula katika bonde la Ziwa la Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha mita 1,800 toka usawa wa bahari, na asubuhi za kiangazi mchungaji hujifunika blanketi. Bonde la Rukwa liko chini yake kwa mita 1,000 hivi, nalo lina joto jingi. Kwa kuwa baridi na joto vimekaribiana hivyo, na misitu, mbuga za majani, vinamasi na majabali vimo katika nchi moja, ndege wake ni wa namna nyingi.

Wako watu wasafirio kutoka nchi za mbali kwa ajili ya kuwatazama ndege tu. Hawaji na bunduki wala mitego. Huja na darubini na daftari. Kila ndege wamwonaye huandika jina lake, na mahali, na siku. Katika Tanzania zimekwisha kuandikwa namna zaidi ya 1,000. Lakini mgeni peke yake haoni mengi, maana hajui njia wala majira. Basi hutafuta kiongozi.

Kazi ya kiongozi si kutangulia njiani tu. Yampasa kuamka kabla ya jua, maana ndege huimba na kutafuta chakula alfajiri, na jua likiwa kali hunyamaza vivulini. Masikio yake hutangulia macho: husikia sauti, humtambua mwenye sauti, ndipo hutafuta tawi alilokalia. Tena hana budi kujua majira. Korongo weupe, wajengao viota juu ya mapaa ya nyumba za Ulaya, huikimbia baridi ya huko, wakaja Afrika. Na mwezi wa Machi huanza kurudi. Awatafutaye mwezi wa Julai huchoka bure.

Huko Rukwa kiongozi huwaonyesha wageni mwari, mwenye mfuko chini ya mdomo wake, na furukombe, mwenye kichwa cheupe, ashukaye majini na kuinuka na samaki. Ziwa hilo halina mto utokao. Kwa hiyo maji yake huongezeka na kupungua mno, nao ndege huhama pamoja na ufuko. Hata kiongozi mwenye ujuzi huwauliza wavuvi kila mwaka.

Mahali pengine ni maporomoko ya Mto Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Maji huanguka mara moja kwa zaidi ya mita 200. Wakati wa kiangazi, marabu hujenga viota katika majabali ya kando yake. Marabu ni korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko uning'iniao shingoni. Watu wengi humchukia kwa sababu hula mizoga. Lakini kwa kula mizoga huisafisha nchi. Tena hula nzige. Jambo hilo si dogo kwa watu wa Rukwa, maana mbuga za ziwa hilo ni mojawapo ya machimbuko ya nzige wekundu, ambao kati ya miaka ya 1930 na 1944 walienea katika nchi nyingi za Afrika na kula mashamba.

Hapo Kalambo ndipo kiongozi hujaribiwa. Pengine mgeni aliyetoka mbali hutaka picha ya ndege wakiruka. Husema, "Tupa jiwe, waruke." Kiongozi akitupa, atapata bakshishi. Lakini ndege akiruka kwa hofu, mayai hubaki wazi juani, na kinda laweza kuanguka jabalini. Makinda ya marabu hukaa kiotani miezi zaidi ya mitatu; wakitishwa kila siku, uzazi wa mwaka mzima waweza kupotea. Kwa hiyo kiongozi mwema hujibu kwa adabu, "La, bwana, tungoje." Huketi kimya. Kisha mzazi huja na chakula, mabawa yake makubwa yamekunjuliwa, na mgeni hupata picha yake pasipo jiwe.

Mtoto wa Ufipa achungaye ng'ombe ana mwanzo wa elimu hii, maana ajua kiota kilipo na ndege aliaye kabla ya mvua. Mwenye manati humla ndege mara moja, akaisha. Mwenye kumwonyesha huweza kumwonyesha mwaka huu na mwaka ujao, akalipwa mara zote mbili. Lakini msitu ukikatwa na kinamasi kikikaushwa, kiongozi hodari na mjinga watakuwa sawa, kwa kuwa wote wawili hawatakuwa na ndege wa kuonyesha.