Safari ya Motokaa Kutoka Chang'ombe Mpaka Mbeya

Mtu akaaye Chang'ombe, katika mji wa Dar es Salaam, akitaka kuwachukua jamaa zake kwa motokaa mpaka Mbeya, hapana budi aianze safari yake mezani, kwa kalamu na karatasi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni kadiri ya kilometa 190; Morogoro mpaka Iringa, 310; Iringa mpaka Mbeya, 330. Jumla yake ni kilometa 830.

Sasa mwanafunzi na afanye hesabu. Katika njia hii mna malori mengi na vijiji vingi, na kila penye nyumba sheria yaamuru mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa. Kwa hiyo wastani wa mwendo wa siku nzima ni kama kilometa 60 kwa saa. Gawanya 830 kwa 60, utapata karibu saa 14, bila kula wala kupumzika. Basi atokaye saa 11 alfajiri atafika saa 1 usiku, na akisimama njiani atachelewa zaidi. Mwisho wa njia ataupita gizani, macho yamechoka, na malori yatokayo Zambia, Malawi na Kongo yakimwelekea kwa taa kali. Usingizi haumwulizi dereva kama amebakiza mwendo mdogo. Kwa sababu hiyo wenye busara hulala Iringa.

Petroli nayo huhesabiwa. Motokaa itumiayo lita 1 kwa kilometa 10 yataka lita 83, na tangi lake pengine lachukua 50 tu. Basi yafaa ajaze tena Morogoro na Iringa, asingoje mpaka mshale ulale.

Zamani barabara hii ilikuwa ya udongo. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru, Zambia ilikosa njia salama ya kusini ya kuletea mafuta. Yakachukuliwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na mengi yaliharibika katika matope. Baadaye ndipo ikatiwa lami.

Baada ya Morogoro njia hupita katikati ya mbuga ya Mikumi, yapata kilometa 50. Tembo, twiga na nyati huvuka watakapo wao, wala hawajui honi. Vibao huagiza mwendo wa polepole, na amgongaye mnyama hutozwa faini.

Lakini mahali pa kufikiriwa zaidi ni mlima wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Hapo barabara hupanda kwa kona kali, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande huu. Wakati wa kwenda, mashine hupata moto. Maji ya rejeta yatazamwe asubuhi ingali baridi, kwa maana afunguaye kifuniko chake kingali na moto huunguzwa uso na mvuke. Dereva asilipite lori penye kona, hata likitambaa kama kobe. Wakati wa kurudi hatari ni nyingine. Dereva akanyagaye breki muda wote wa kushuka huzisugua mpaka zishike moto, na breki zenye moto mwingi hupoteza nguvu. Dawa yake ni kutia gia namba 2 tangu juu, kabla ya kuanza kushuka, ili mashine yenyewe iizuie gari, na breki zikanyagwe kidogo kidogo tu.

Leseni na bima ziwe tayari, pamoja na kizima moto, pembetatu mbili za kuonya, jeki, spana na tairi la akiba lenye upepo. Watoto wa pwani wachukuliwe masweta, kwa kuwa Mafinga na Makambako ni nchi ya juu, na mwezi wa Julai baridi yake huwatetemesha hata wenyeji.