Istilahi za Majengo: Magofu ya Abasia ya Fountains

Mfasiri anayekabiliwa na maandishi juu ya nyumba za watawa wa Ulaya katika Zama za Kati aghalabu hukwama mapema. Majengo yenyewe hayana paa, matumizi yake yamekwisha koma, na kila sehemu ina jina lake la pekee. Matokeo yake ni kwamba sehemu nyingi zilizo tofauti huandikwa "chumba" au "kanisa", na msomaji hapati picha yoyote. Maoni yetu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu mkubwa hapa. Maneno mengi tunayo. Kinachotakiwa ni kuyagawia kazi, neno moja kwa jambo moja, kwa kufuata matumizi ya jengo wala si umbo la jina la kigeni.

Tuchukue mfano wa Fountains, katika Yorkshire, Uingereza. Mwaka 1132 wamonaki 13 waliiacha nyumba yao mjini York wakitaka maisha magumu zaidi, wakapewa ardhi katika bonde la mto Skell. Baadaye kidogo walijiunga na shirika la Wasistersiani. Mwaka 1539 nyumba hiyo ilikabidhiwa kwa Mfalme Henry VIII, aliyezifunga nyumba zote za namna hiyo nchini mwake. Madini ya risasi yaliyoezekea paa yakang'olewa, na baadaye mawe yake mengine yakajengea jumba la tajiri lililo jirani.

Kwa hiyo neno la kwanza ni gofu, yaani jengo lililobaki kuta bila paa, kama tusemavyo magofu ya Kilwa. Lisichanganywe na hame, ambapo ni mahali palipohamwa na watu, wala na kifusi, ambacho ni mawe na udongo ulioporomoka. Kuta za Fountains zingali zimesimama, na mnara uliojengwa wakati wa Abate Marmaduke Huby (1495–1526) una urefu wa karibu mita 50. Maneno abasia na abate yamekwisha zoeleka Tanzania kutokana na Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Hakuna haja ya kuunda mengine.

Kwa sehemu za jengo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ua wa ndani: uwanja wa mraba ulio wazi, kusini mwa kanisa. Katika nyumba za mawe za Lamu uwanja kama huu huitwa kiwanda, lakini wasomaji wengi wa leo watadhani ni mahali pa mitambo. Njia zilizoezekwa zilizouzunguka ua ziitwe baraza.

(b) Ukumbi wa mashauri: upande wa mashariki. Humo ilisomwa kila siku sura moja ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kisha yakajadiliwa mambo ya nyumba. Jina la Ulaya limetokana na sura hiyo. Lakini tukisema "ukumbi wa sura" hatutaeleweka, na neno baraza tumekwisha lipa kazi nyingine.

(c) Bweni: ghorofani upande huo huo, ili wamonaki washuke moja kwa moja kanisani kwa sala ya usiku.

(d) Ukumbi wa kuotea moto: upande wa kusini. Una meko makubwa, lakini si jiko, kwa kuwa chakula hakikupikwa humo.

(e) Bwalo: ukumbi wa kulia chakula, ulio kusini pia. Neno hili linajulikana mashuleni.

(f) Ghala: sakafu ya chini ya jengo la magharibi, lenye urefu wa karibu mita 90. Sehemu yake nyingine ilikuwa bwalo la mabruda, na ghorofani lilikuwa bweni lao.

Katika ghala hilo matao ya mawe hutawanyika kutoka safu ya nguzo zilizo katikati. Hiyo ni dari ya matao, wala si kuba, kwani kuba huonekana nje kwa umbo lake la mviringo.

Hatuna budi kusisitiza tofauti kati ya bwalo la wamonaki na bwalo la mabruda. Mabruda waliweka nadhiri, lakini kazi yao kubwa ilikuwa mashamba na kondoo, ambao sufu yao iliitajirisha abasia. Walikula, walilala na kusali mbali na wamonaki. Mfasiri akiyaita mabwalo yote mawili "chumba cha chakula", atakuwa ameificha habari ambayo kuta zenyewe zinaieleza.

Tunawashauri wafasiri wachore kwanza ramani ya jengo, waulize kila sehemu ilifanyiwa nini, ndipo watafute neno. Walimu na watumishi wa serikali watakaoyajaribu maneno haya katika kazi zao wanaombwa watuletee maoni yao.